Pijo 504: ni kweli iliundwa kwa ajili ya Afrika?

KijanaWaGilgil

Habari zenu wazee wangu na ndugu zangu.

Mjomba amenipa Pijo 504 yake, ile steshenwagoni ndefu yenye safu tatu za viti. Ilibeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi miaka mingi kabla matatu za Nissan hazijachukua kazi, kisha ikawekwa uani ikafunikwa turubai. Bodi bado ni nzima, injini inazunguka kwa mkono. Nataka kuirudisha barabarani polepole, kadiri mfuko utakavyoruhusu.

Lakini kilichonileta hapa leo ni ubishi. Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba Wafaransa waliiunda 504 makusudi kwa ajili ya Afrika, kwamba kwao haikuwa na mteja, na ndiyo sababu ni gumu hivi. Mimi nilisoma mahali kwamba lilikuwa gari la familia huko Ulaya na hata tuzo lilipata. Nani ana ukweli? Gari hili lilitokana na lipi, lilikoma lini kwao, na kwa nini liliwekwa hiyo safu ya tatu ya viti? Nikiifufua nataka niijue vizuri.

Asanteni mapema.

Mzigua_Tanga

Ndugu wa Gilgil, usimlaumu sana rafiki yako. Jina la Pijo huku kwetu lilijengwa na Safari Rally, na lilijengwa kabla ya 504 kuzaliwa. Ile 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff. Hiyo 1966 na 1967 walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell, watu wa Dar es Salaam. Sisi wa upande huu wa mpaka hatusahau.

Na ile miaka ya Nowicki ndiyo mibaya kuliko yote kwa mvua na matope. Mwaka 1963 na mwaka 1968, kila mara magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Gari likishinda mahali ambapo mengine yote yamezama, mtu wa kawaida atasema nini? Atasema limeumbwa kwa ajili ya matope yake.

504 nayo ikaja ikashinda 1975 na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas, ingawa hiyo ya 1978 ilikuwa ya milango miwili yenye injini ya V6, si hii ya mjomba.

Kuhusu Ulaya nawaachia wanaojua.

Fundi_Changamwe

Mwanangu wa Gilgil, hongera kwa kukabidhiwa gari hilo. Mimi nilianza na Pijo nikiwa kijana wa kushika taa, fundi mkuu akiwa chini ya gari na mimi nimechuchumaa pembeni nikimmulikia. Hadi leo dizeli ya Pijo ikipanda mlima wa Changamwe naitambua kabla sijaiona. Kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

Mzigua amesema kweli tupu kuhusu Safari, na nimefurahi amemtaja Shankland. Lakini rafiki yako amekosea. 504 iliundwa kwa ajili ya familia ya Kifaransa yenye uwezo wa kati. Fikiria mwaka ilipotoka, 1968. Karibu makoloni yote ya Ufaransa barani Afrika yalikuwa yameshapata uhuru tangu 1960. Hakuna kiwanda ambacho kingemwaga fedha za gari jipya kabisa kwa kutegemea wanunuzi wa Bamako na Niamey. Walimlenga daktari wa mji mdogo, mwalimu mkuu, mwenye duka la vifaa, mkulima mwenye ng'ombe wa kutosha. Mtu wa aina hiyo anataka gari kubwa la heshima, hataki la kujionyesha, na akinunua anakusudia kukaa nalo miaka kumi.

Kampuni yenyewe ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Familia ya Peugeot ni ya mashariki mwa Ufaransa, upande wa mto Doubs, karibu na Uswisi. Kabla ya magari walitengeneza misumeno, vinu vya kusagia kahawa na pilipili manga, baadaye baiskeli. Yule simba unayemwona mbele ya gari lako alianza kuwa alama ya misumeno katikati ya karne ya 19. Kiwanda cha Sochaux kilianza 1912. Na ile desturi ya namba tatu zenye sifuri katikati ilianza na 201, mwaka 1929. Waliishikilia kwa nguvu: mwaka 1964 Porsche walipotaka kuita gari lao 901, Peugeot walipinga, na Porsche wakabadilisha wakaliita 911.

Sasa ukoo. 203 ilitoka 1948, Ulaya ikiwa bado inatoka vumbini baada ya vita. 403 ikafuata 1955, na hapo ndipo Pininfarina, wale wachoraji wa bodi wa Turin, walipoanza kuwachorea magari ya familia. Halafu 404 mwaka 1960, ile ya mapezi nyuma, injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti ishuke chini. 504 ni mtoto wa 404 kwa damu kabisa. Injini ilipanuliwa ikawa 1,796, na kuanzia 1970 ikawa 1,971. Gia, klachi, ile propela shafti iliyofichwa ndani ya bomba lake hadi kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, hata feni inayojikata yenyewe injini ikiwa baridi, yote hayo fundi aliyeijua 404 aliyakuta mle ndani akiwa nyumbani. Kilichobadilika sana ni difu. Pijo walikuwa wameshikilia difu ya parafujo kwa miaka mingi mno, na kwenye 504 wakaweka difu ya meno ya kawaida.

Kuzaliwa kwake kulikuwa na uchungu. Walipanga kuitoa Juni 1968. Mwezi Mei Ufaransa nzima ikasimama kwa mgomo, wanafunzi na wafanyakazi, viwanda vimefungwa. Sochaux kwenyewe, tarehe 11 Juni, polisi waliingia kiwandani kuwatoa wagomaji na wafanyakazi wawili wakafa. Ndani ya kiwanda kile kile kilichokuwa kinajiandaa kutoa gari hili. Basi 504 ikaonyeshwa Septemba badala ya Juni. Mimi huwa nawaambia vijana wangu wa karakana jambo hili, kwa sababu tunayaongelea magari kana kwamba yanaota kama uyoga, na nyuma ya kila bodi kuna watu waliosimama kwenye mstari wa kazi.

Tuzo unayoisema ni kweli. Ilikuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969, ikaziacha nyuma BMW mpya na Alfa Romeo. Waamuzi wale walikuwa waandishi wa magari wa Ulaya, wakiendesha kwenye barabara za Ulaya. Hakuna aliyekuwa anaifikiria Garissa.

Na hapa ndipo ninapotaka rafiki yako anisikilize. Ugumu anaousifu ulitokana na barabara za Ufaransa na likizo za Ufaransa. Barabara za mwendokasi zilikuwa bado chache. Ile ya kutoka Paris mpaka Marseille ilikamilika 1970, miaka miwili baada ya 504 kutoka. Watu walipita barabara za zamani zenye mgongo katikati, vijiji vyenye mawe yaliyopangwa, njia za mashambani zilizopasuka kila baridi ilipokwisha. Wakati huo huo likizo ya kulipwa ilikuwa inaongezeka: wiki mbili tangu 1936, tatu tangu 1956, nne tangu 1969. Mwezi Agosti familia nzima inaingia garini, baba, mama, watoto wanne, bibi, mbwa, mizigo juu ya paa, wanaelekea baharini kilomita mia nane. Gari linalouzwa kwa watu hao lazima libebe uzito huo bila kukalia matairi, na abiria wafike bila mgongo kuuma.

Ndiyo maana springi za Pijo ni ndefu na laini, zinashuka na kupanda sana, huku shokabsoba zikizuia mrusho. Pijo walitengeneza shokabsoba zao wenyewe, hawakununua kwa watu. Ile 504 ya buti ina miguu ya nyuma inayojitegemea kila mmoja, na breki za diski magurudumu yote manne. Kwa gari la familia la 1968 hicho kilikuwa kitu kikubwa. Viti vyake navyo ni kama magodoro. Nimewahi kuona wazee wakiving'oa kwenye gari lililokufa wakaviweka barazani.

Steshenwagoni yako ni nyingine kidogo. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ina mita 2.90, ile ya buti ina 2.74. Nyuma haina miguu inayojitegemea: ina ekseli moja ngumu, na springi nne, mbili kila upande. Chungulia chini utaziona. Walifanya hivyo kwa sababu ya mizigo, maana ekseli ngumu haibadilishi mkao wa matairi hata ukijaza mpaka paa. Breki za nyuma ni za ngoma.

Na safu ya tatu ndiyo jawabu zuri kuliko yote dhidi ya ubishi wa rafiki yako. Wafaransa waliiita Familiale, yaani ya familia, na walikuwa nayo tangu enzi za 203. Baada ya vita watoto walizaliwa kwa wingi Ufaransa, na serikali ikazipa familia zenye watoto wengi kila aina ya msaada. Pijo wakaona mteja. Viti saba vile viliwekwa kwa ajili ya watoto wa Lyon na Dijon. Kwamba baadaye vilikalishwa wafanyabiashara wa Nakuru, wakibanana tisa au kumi, hilo tulilifanya sisi.

Ikitoka huko ikaja kwetu, na gari la kubeba familia na mizigo kwenye njia mbovu kidogo likagundulika linabeba abiria na magunia kwenye njia mbovu sana. Nigeria wakaanza kuiunganisha Kaduna mwaka 1975. Kenya iliunganishwa hapa hapa Mombasa. Afrika Magharibi ikawa teksi ya kila mji. Nairobi, ukienda Accra Road alfajiri ulikuta Pijo zimepangwa, dereva anangoja abiria wa mwisho aondoke. Nakuru, Kisumu, Eldoret, zilikwenda kasi kuliko basi, na nauli ilikuwa juu kidogo. Mtu aliyepanda Pijo alijiona amefika kabla hajaondoka.

Ninaipenda gari hii, sifichi. Lakini naipenda kwa ilivyo. Ukisema iliundwa kwa ajili yetu, unawanyima sifa yao wale madereva na mafundi wa huku walioipeleka mahali ambapo wachoraji wake hawakuwahi kuiwazia.

Mubukavu_Mulhouse

Papa Fundi, asante sana. Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi Mulhouse, na Sochaux ni karibu na hapa. Pale kuna makumbusho ya Peugeot, yalifunguliwa 1988. Nilipeleka watoto. Ukiingia unaanza na vinu vya kahawa na misumeno kweli, halafu baiskeli, halafu magari. Watoto walicheka kuona kinu cha pilipili kina simba sawa na wa gari. Mimi nilisimama mbele ya 504 muda mrefu, kwa sababu kwetu Kivu ni gari la wazee wetu, na hapa iko imepigwa nta, haina mkwaruzo, kama vile haikuwahi kufanya kazi.

Niongeze mambo mawili kutoka huku.

La kwanza, majirani zangu wazee wa Kifaransa wakiongea juu ya 504 wanaongea hivyo hivyo kama Papa Fundi alivyosema. Mmoja alikuwa fundi seremala, alikuwa na Familiale ya dizeli. Ananiambia habari za watoto kulala nyuma usiku wakienda kwa bibi yao kusini. Haongei juu ya Afrika hata kidogo. Na teksi za Paris pia zilikuwa 504 za dizeli, nyingi sana.

La pili ni namna zilivyoondoka. Huku wakati wa baridi barabara inamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inakula chuma. Injini ya dizeli bado nzima kabisa, lakini milango na sakafu imeoza. Watu waliziuza rahisi. Familia za Wamoroko na Waaljeria walizinunua, kila kiangazi wakateremka nazo kupitia Uhispania, mzigo juu ya paa mrefu kama gari lenyewe, wakavuka bahari kwenda kwao. Wengine, hata Wazungu vijana, walizipitisha jangwa la Sahara mpaka Niger na nchi jirani, wakaziuza huko wakarudi kwa ndege. Kwa hiyo nyingi zilizofika Afrika Magharibi zilikuwa zimeshamaliza maisha yao ya kwanza na familia ya hapa.

Dereva_Mstaafu_Eldi

Nimesoma yote. Nakubaliana na Fundi juu ya historia, lakini tuseme na upande wa pili. Mimi niliendesha 504 ya abiria, nikaja nikaendesha Nissan. Kazi ya biashara Nissan ilinipa zaidi. Inabeba watu wengi, mlango wa pembeni unafunguka haraka, spea zilikuwa kila duka. Pijo spea zake zilikuja kuwa ghali na nyingine bandia. Mtu akikwambia kwamba Pijo iliondoka kwa sababu watu walisahau uzuri, si kweli. Iliondoka kwa hesabu.

KijanaWaGilgil

Nimenyamaza kwa heshima, nasoma tu. Rafiki yangu nimemtumia, amesema atarudi na hoja, lakini naona hoja zimemwishia.

Fundi, naomba mambo mawili. Kwanza, huko Ulaya ilikoma lini na nini kilichukua nafasi yake? Mzee wa Eldi ameeleza ya huku, nataka kujua ya kwao. Pili, hii ya mjomba ni ya petroli. Kabla sijaiwasha, nianzie wapi?

Fundi_Changamwe

Mzee wa Eldi, maneno yako ni mazito na siwezi kuyapinga. Hesabu ndiyo iliyoiondoa huku. Na hesabu ndiyo iliyoiondoa Ulaya pia, ila ilikuwa hesabu ya aina nyingine.

Baada ya bei ya mafuta kupanda 1973, Pijo walikuwa na bahati kuliko wenzao, kwa sababu walikuwa wameshikamana na dizeli tangu 403. Dizeli ya 504 haikuwa na haraka. Zilikuwepo za ujazo wa 1,948, za 2,112, na mwishoni 2,304. Mlimani ungeweza kuteremka ukatembea kando yake. Lakini ilikunywa kidogo na ilidumu. Mwaka huo huo wa 1973 wakatoa pia 504 rahisi zaidi, herufi L, yenye ekseli ngumu nyuma hata kwenye gari la buti. Fedha zilikuwepo kiasi kwamba wakaichukua Citroën, na mwaka 1978 wakachukua viwanda vya Chrysler vya Ulaya. Mzigo ule wa Chrysler ulikaribia kuwavunja mgongo.

Mwaka 1979 ikatoka 505. Kwa macho ni gari jingine, limenyooka, la kisasa, lakini ukilala chini yake unamkuta 504. 504 ikabaki ikiuzwa kama gari la bei nafuu mpaka 1983, ndipo ile ya familia ikakoma kutengenezwa Ulaya. Pikapu iliendelea miaka kumi zaidi. Jumla, dunia nzima, zilitengenezwa zaidi ya milioni 3, na Kaduna waliendelea mpaka katikati ya miaka ya 2000. Sisi Kenya pia tuliendelea kuziunganisha muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha.

505 ndiyo Pijo ya mwisho ya familia kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Steshenwagoni yake ilikuja 1982, na Familiale yake ilikuwa na viti vinane. Kwangu mimi hiyo ndiyo steshenwagoni bora waliyowahi kutengeneza. Wengine watabisha, na wabishe. Lakini upepo ulikuwa umeshageuka. Magari ya kuvutwa na magurudumu ya mbele ni mepesi, sakafu yake ni bapa, hayana propela shafti ndefu, kiwanda kinayaunganisha haraka na kwa gharama ndogo. Mwaka 1987 ikaja 405, injini imewekwa kwa upana, magurudumu ya mbele yanavuta. Nayo ikawa Gari la Mwaka, 1988. Baada yake 406 mwaka 1995, halafu 407 mwaka 2004, halafu 508. Ni magari mazuri, 406 hasa imetulia barabarani vizuri mno. Lakini hakuna hata moja iliyochukua kazi ya 504 kwenye barabara ya murram ikiwa na gunia sita nyuma. Iran waliipenda 405 wakaitengeneza miaka na miaka, na huko ndiko iliko heshima yake.

Na familia ya watoto wengi huko Ulaya ilihamia kwingine. Mwaka 1994 Pijo wakatoa 806, gari la umbo la boksi lenye mlango wa pembeni wa kuteleza. Unaona? Wao nao waliacha steshenwagoni ya viti saba wakahamia boksi, sawasawa na abiria wa Nakuru walivyohamia Nissan. Siku hizi safu ya tatu ya Pijo imo ndani ya 5008, lile gari refu la kupanda juu. Mwaka 2017 walirudi Kenya pia wakaanza kuunganisha 508 na 3008 kule Thika, lakini hayo ni ya watu wa ofisini.

Sasa gari lako. Sikiliza vizuri kabla hujaweka betri.

Injini hiyo ina slivu za maji. Maana yake, silinda hazikuchongwa ndani ya bloku. Ni mabomba manne yanayochomolewa, na maji ya rejeta yanazunguka nje yake. Hii ndiyo iliyoifanya ipendwe na mafundi: silinda zikila, unachomoa slivu na pistoni, unaweka seti mpya, huna haja ya kupeleka bloku kwa mchongaji. Unaweza kufanya kazi hiyo Lodwar chini ya mti. Lakini ina masharti yake. Gari lililokaa miaka, matope na kutu vinatulia chini ya slivu, mahali zinapokalia bloku. Usiwashe. Fungua kwanza plagi ya maji iliyo ubavuni mwa bloku, siyo ya rejeta peke yake, utazame kinachotoka. Kama hakitoki kitu, ingiza waya taratibu, maana tope limeziba. Osha kwa maji safi mpaka yatoke meupe. Tazama na oili kwenye stiki: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshapita kwenye raba za slivu, na hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, itabidi ifunguliwe.

Ukifungua hedi, na hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu, usizungushe injini hata kidogo kabla hujazibana slivu kwa washa kubwa na bolti. Pistoni ikipanda itainua slivu, raba ya chini itakatika, na utafunga injini upya ikiwa na uvujaji usiouona. Slivu lazima zisimame juu ya bloku kidogo sana, zote nne kwa kimo kimoja, ndipo gasketi iweze kuzikamata. Pima kwa geji, usipime kwa kidole. Hedi yenyewe ni ya aluminiamu. Ikiwa iliwahi kuchemka, ipeleke ikapimwe kama imepinda kabla hujanunua gasketi.

Tanki la petroli litoe lote ulioshe, usijaribu mafuta ya zamani. Kama ina kabureta, shukuru. Kama ina ile pampu ya sindano za petroli, usiiguse bila mtu anayeijua, maana nyingi huku ziling'olewa zikawekwa kabureta kwa sababu hiyo hiyo. Breki za nyuma fungua ngoma uone kama silinda ndogo zimeshika. Halafu ingia chini utazame pale springi nne zinapokalia bodi. Gari lililobeba abiria kwa miaka huwa linapasuka pale, si kwenye injini.

Ukishamaliza hayo, weka oili mpya, chomoa plagi za kuwashia, uizungushe injini kwa mkono mpaka oili ipande. Ndipo uweke betri. Kabla hujanunua chochote tupigie picha ya bamba la namba lililo ndani ya boneti na picha ya ubavu wa injini, tukuambie ni 1,800 au 2,000, kwa sababu slivu zake haziingiliani.

KijanaWaGilgil

Asante sana Fundi. Nimefungua plagi ya bloku leo mchana. Kimetoka kitu kama uji wa wimbi, halafu kikasimama. Naingiza waya kesho. Picha ya bamba naileta jioni.

Fundi_Changamwe

Vyema. Tumia waya laini, na usitie maji ya presha kabla tope halijalegea. Mwagia maji ya moto kupitia juu, uache yakae usiku kucha, ndipo uchokoe tena asubuhi. Oili ikoje?

KijanaWaGilgil

Nyeusi kabisa. Haina maziwa.

Fundi_Changamwe

Basi hedi usiifungue bado. Endelea kuosha.